Jibu: Kinyesi cha kuku wa nyama kwenye vizimba vya kuhamisha

Mkuu, umeuliza kama kuhamisha kizimba (kile kisicho na sakafu, kinyesi kinaanguka ardhini) kila baada ya siku tatu kunatosha hapo Chamwino. Kuku wakiwa wadogo, labda. Kuanzia wiki ya tano hapana: sogeza kila asubuhi, na wakikaribia kuuzwa hata mara mbili kwa siku. Ukiinama ukasikia amonia, ile harufu kali ya kinyesi, inawasha pua, umeshachelewa.

Shida ya huku kwetu Dodoma ni kiangazi. Majani hakuna, ardhi ngumu kama sakafu, kinyesi kinakaukia juu juu na nitrojeni, chakula cha mimea, inapotelea hewani. Mimi hutandaza mabua ya mtama yaliyokatwakatwa, kisha nakwangua vyote, narundika kivulini na kunyunyizia maji. Mvua za Desemba zinakuta mboji tayari. Mchicha usiuwekee kinyesi kibichi, utaungua (wangu uliisha wote).