Maswali ya Wasomaji: Kikao cha hadithi uwanjani

Toleo lililopita tuliomba barua kuhusu vikao vya hadithi vya familia, vile vinavyofanyika viwanjani, kwenye bustani na mbele ya ofisi za mitaa huku Nyanda za Juu Kusini. Barua nyingi zimelalamikia jambo moja: watu wanakuja, ila hawaitiki. Msimulizi anasema "Paukwa!" na "Pakawa!" inatoka kwa watoto watano wa mbele tu. Hadithi yetu ni ya kupokezana, kwa hiyo karibu kila jibu hapa chini linalenga kurudisha kiitikio.

Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Mwanjelwa, Mbeya. Nataka kuanzisha kikao cha Jumamosi kwenye uwanja wa mtaa. Nianzie wapi, na niite watu wangapi?

Shikamoo mwalimu. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha peleka barua kwa mtendaji wa kata wiki mbili kabla. Kama uwanja ni wa shule, ongea pia na mwalimu mkuu. Kama ni bustani ya halmashauri, barua iende halmashauri. Barua itaje tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya watu, kama kutakuwa na spika au hapana, na jina na simu ya mhusika mmoja. Saa ya kumaliza isisahaulike, ndiyo inayoondoa maswali mengi.

Kabla ya kuandika barua, nenda ukasimame pale uwanjani Jumamosi, saa ileile unayoitaka. Uwanja uliotulia Jumanne unaweza kuwa na mechi Jumamosi, kwaya inayofanya mazoezi, au kijiwe cha bodaboda upande wa pili wa barabara.

Usiite zaidi ya watu 70, wakubwa kwa wadogo. Wakizidi hapo utahitaji kipaza sauti, na matatizo yake tunamjibu msomaji anayefuata. Kuhusu saa: kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, anza saa 9:30 alasiri umalize saa 10:30. Jua la Juni huzama Mbeya kama saa 12:30 jioni, lakini baridi haingoji lizame. Likiinama tu watoto wanaanza kujikunyata, na mtoto anayetetemeka hasikilizi. Masika, fanya asubuhi saa 3, maana mvua nyingi za huku hunyesha mchana na jioni.

Nipo Gangilonga, Iringa. Tulikodi spika, ikawa inapiga mluzi muda wote, bibi msimulizi akachanganyikiwa. Bila spika, wa nyuma hawasikii. Tufanyeje?

Wa nyuma hawasikii kwa sababu wako mbali mno, na wako mbali kwa sababu mmepanga safu zilizonyooka kama darasani. Watu 70 katika safu za watu wanane wanafanya safu tisa, na wa mwisho yuko mita kumi au zaidi kutoka kwa msimulizi. Wapangeni nusu duara. Mchoreeni bibi alama ya kiti chake, fungeni kamba hapo, kisha mzungushe mistari minne kwa chokaa au majivu: wa kwanza mita 2 kutoka kwenye kiti, wa pili mita 3, wa tatu 4, wa nne 5. Acheni njia ya mita moja katikati. Mkimpa kila mtoto nusu mita ya mkeka, mstari wa kwanza unabeba watoto 10, wa pili 16, wa tatu kama 23, na wa nne, wa mabenchi, watu wazima 24. Hao ni watu 73, na hakuna aliye mbali zaidi ya mita 5. Bibi wa miaka sabini anasikika hapo bila kupiga kelele.

Halafu tazameni upepo. Miezi ya kiangazi upepo wetu kwa kawaida hutoka kusini-mashariki. Kiti cha msimulizi kikae upande huo, ili upepo uipeleke sauti kwa watu. Akikaa upande wa pili, sauti inarudishwa nyuma yake. Kukaa hivyo kuna faida ya pili: jua la alasiri linakuwa mgongoni mwa watoto, hawakunji macho. Litampiga msimulizi usoni, kwa hiyo tafuteni mahali ambapo mti au jengo la upande wa magharibi linamtilia kivuli yeye. Nyuma yake kukiwa na ukuta ni bora zaidi. Kusiwe na njia ya watu, maana kila apitaye anaondoka na macho ya watoto.

Sasa spika. Mluzi unatokea pale kipaza sauti kinaposikia sauti ya spika na kuirudisha humohumo, ikizunguka. Mara nyingi spika huwa imewekwa nyuma ya msimulizi. Isogezeni mbele yake hatua mbili, pembeni, ikitazama watu, kisha mpunguze sauti mpaka mluzi ukome. Mkazo ni kumwekea bibi kipaza sauti kwenye stendi, shubiri moja kutoka mdomoni. Asikishike. Mtu anayesimulia kwa mikono miwili akishikishwa kipaza sauti, nusu ya hadithi yake imefungwa kamba.

Tukuyu hapa mvua haina msimu. Tuhamie ukumbini?

Hamieni, ila chini ya bati tupu mvua kubwa humshinda msimulizi yeyote. Ikianza, simamisheni hadithi, gawanyeni watu vikundi vya kumi kumi, kila kikundi na mtu mzima mmoja, watege vitendawili mpaka ipungue.

Kamwene, mhariri. Huku Makambako tuna babu anayesimulia vizuri sana kwa Kibena, lakini nusu ya watoto hawakijui. Akitumia Kiswahili, hadithi inapooza.

Kamwene. Msimlazimishe achague. Maelezo yawe kwa Kiswahili, wimbo ubaki kwa Kibena. Ngano zetu nyingi zina wimbo unaorudi kila mnyama anapofika mtoni au kila binti anapomwita mama yake, na hapo ndipo utamu ulipo. Mtoto hahitaji kujua kila neno ili aimbe.

Ila wimbo ufundishwe kabla ya hadithi kuanza. Babu auimbe mara mbili peke yake, mara ya tatu na watoto, ya nne na wazazi. Kiitikio kisizidi maneno manne au matano. Katika hadithi ya dakika kumi kirudi angalau mara nne, na mara ya kwanza isichelewe kupita dakika ya pili. Kikichelewa watoto wameshakisahau, babu anaimba peke yake, na akiimba peke yake mara mbili hataimba ya tatu.

Sisi wa Mafinga tatizo letu ni mzee anayekwenda saa nzima. Watoto wanaanza kukimbizana, nasi tunaona aibu kumkatiza.

Mko sahihi kuona aibu. Mzee hakatizwi mbele ya wajukuu. Kazi hiyo inafanyika wiki moja kabla, nyumbani kwake. Nendeni wawili, mkasikilize hadithi nzima mkitazama saa. Hadithi ya dakika 12 sebuleni inakuwa 20 uwanjani kwa sababu ya nyimbo na vicheko. Walio chini ya miaka mitano wanavumilia dakika tano hadi saba, wa miaka sita hadi tisa kama kumi, wakubwa zaidi hata 20. Basi mwombeni hadithi fupi mbili badala ya ndefu moja, katikati viwepo vitendawili, na kikao chote kisizidi saa moja.

Pia mpeni mwitikiaji, mtu wa rika lake, akae karibu naye. Huyu ndiye anayesema "Ehee!" na "Ikawaje?", na hadithi ikirefuka ndiye mwenye haki ya kusema, "Mwenzangu, watoto wanataka kuimba," akaanzisha wimbo wa mwisho. Nauli na shukrani mpelekeeni nyumbani, msimkabidhi bahasha mbele ya watu.

Je, tunaweza kusimulia habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe? Nipo Kalenga.

Mnaweza, na Kalenga ndipo pake. Ila msianze kwa "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Maneno hayo yanafungua ngano, na habari za Mkwawa ni historia yenye tarehe: Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe walipokishinda kikosi cha Wajerumani cha Emil von Zelewski, kifo chake 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asikamatwe, na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, ambalo liko kwenye makumbusho hapo kwenu. Kwa wadogo simulieni Lugalo muishie hapo. Kifo na fuvu wasikie walio na miaka kumi kuendelea, mzazi akiwa pembeni. Masimulizi ya jiwe la Gangilonga, lile jiwe la Iringa linalosemwa kuwa liliongea, yasimuliwe kama masimulizi ya wazee, yasichanganywe na tarehe.

Wazazi wanaleta watoto, kisha wanaondoka kwenda sokoni. Naruhusiwa kuwakataza? Na wanaopiga picha? (Uyole)

Katazeni, na tangazo liseme mapema: mtoto aje na mtu mzima wake. Mzazi wa mtoto mdogo akae naye mkekani, si benchi la nyuma. Mtoto huitikia anapomsikia mama yake akiitikia. Andikeni majina mlangoni, mtoto na aliyemleta, na mtoto aondoke na huyohuyo. Kuhusu picha, wazazi waulizwe kabla ya kikao, mpigaji awe mmoja. Sauti ya mzee isirekodiwe wala kurushwa mtandaoni mpaka yeye mwenyewe akubali, akijua itakwenda wapi.