Andika Saa Zako Kabla Hujadai Ovataimu

Nilifanya kazi miaka miwili kwenye ghala moja Dar es Salaam, mshahara wa msingi 390,000. Mkataba ulisema natoka saa kumi jioni. Lakini kontena likiingia saa tisa, sapavaiza anafunga geti: "Hatoki mtu mpaka mzigo uishe." Saa mbili usiku tunapanga foleni, kila mmoja anapewa elfu tano mkononi, hakuna karatasi wala saini. Tuliiita ovataimu, na tulishukuru.

Haikuwa ovataimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Kinachozidi hapo lazima uwe umekikubali, na kufungiwa geti si kukubali. Hata ukikubali, saa za ziada zisipite 50 katika wiki nne, na siku nzima isipite saa 12. Malipo yake si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Siku yako ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili. Kuanzia saa mbili usiku hadi kumi na mbili asubuhi, kila saa inaongezwa asilimia 5.

Hesabu yenyewe ni hivi: gawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa 45. Saa yangu ilikuwa 2,000, ya ziada 3,000. Jioni ya saa nne ni 12,000. Niliipiga hesabu hiyo kwa kalamu kwenye kipande cha boksi, nikaumia sana.

Ila nilikosea pakubwa: sikuwa nimeandika kitu. Ndipo nikanunua daftari la mia tano, kila siku naandika tarehe, muda wa kuingia, wa kutoka, namba ya kontena, na nani alituzuia. Desemba peke yake nilifikisha saa 71 za ziada. Nilipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, daftari lile ndilo lililonibeba. Tulisuluhishwa, nikalipwa ya miezi miwili. Ya nyuma yalikuwa yameshapita siku 60 za kufungua mgogoro wa aina hii, na ukichelewa lazima uombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Kama umeachishwa kazi, una siku 30 tu. Ndugu yangu, usikae ukisubiri bosi abadilike.

Na ukiletewa karatasi, isome. Ipo ya kukubali kwa maandishi kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu. Ni halali, lakini kwa siku zisizozidi 5 na saa 45 za kawaida kwa wiki. Wakikuita na Jumamosi, hiyo karatasi haiwalindi. Omba nakala yako siku hiyohiyo, uibandike ndani ya daftari.