Kabla hujachimba shimo la bayogesi, hesabu ndoo

Wageni wanaopita kwetu, huku mteremko wa Kilimanjaro, wakikuta jiko linawaka bila kuni wala mtungi, huuliza bei kwanza. Mimi nawarudisha bandani. Una ng'ombe wangapi, na wanakula bandani au wanachungwa? Maji unayatoa wapi? Siku ukisafiri, nani atakoroga kinyesi?

Nauliza hivyo kwa sababu mtambo wetu wa bayogesi, unaogeuza kinyesi kuwa gesi ya kupikia, uliwahi kukaa miezi minne bila kazi. Ni wa mita za ujazo 6, ile aina ya kuba lililofukiwa ardhini ambayo CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini cha Arusha, wamekuwa wakiisambaza tangu miaka ya 1980. Kila siku unataka ndoo mbili za lita 20 za kinyesi na ndoo mbili za maji. Ng'ombe wawili wa maziwa wanaokula bandani wanautosheleza, na gesi yake inatupa saa tatu hadi nne za kupika. Tulipouza ng'ombe mmoja ili kulipa ada, tukaanza kuulisha nusu, halafu tukaruka siku, halafu wiki. Moto ukafifia mpaka kiburu, ndizi zetu za kupika na maharage, kikawa hakiivi. Tukarudi kwenye mafiga, tukitangaza kwamba mtambo umeharibika, kumbe una njaa.

Ndani ya lile kuba mna viumbe hai, vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyokula kinyesi pasipo hewa na kutoa gesi. Kama asilimia 60 ya gesi hiyo ni methani, ndiyo inayowaka. Iliyobaki karibu yote ni hewa ukaa. Basi vinavyoua vijidudu huua na hivi. Ng'ombe wetu aliwahi kuugua kiwele, akachomwa sindano za antibayotiki, na kinyesi chake tukakitumbukiza kama kawaida. Siku chache baadaye gesi ikashuka. Siku hizi kinyesi cha ng'ombe aliye kwenye dawa kinakwenda kwenye lundo la mboji, na maji ya sabuni ya kuoshea banda hayaingii mtamboni kamwe.

Moto ukianza kupanda na kushuka, na ukisikia bomba linagugumia, usimwite fundi bado. Ni mvuke uliogeuka maji ukajikusanya njiani. Funga jiko, hakikisha hakuna moto karibu, fungua koki ya kutolea maji iliyo sehemu ya chini kabisa ya bomba, kisha uifunge mara maji yanapokwisha. Kwetu hutoka kama nusu kikombe, na ule moto wa bluu unatulia tena.

Sasa niseme jambo linaloniuma zaidi, nalo ni gesi kupotea. Kuona ubaya wake, anza na malisho. Matete tunayokata pembezoni mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, yamejijenga kwa hewa ukaa yaliyoivuta angani msimu huu huu. Ng'ombe anayala; kaboni nyingine anaitoa kwa pumzi na kucheua, nyingine inaingia kwenye maziwa, nyingine inabaki kwenye kinyesi. Tukiichoma ile gesi, kaboni inarudi angani ilikotoka, na matete yanayochipua yanaivuta upya. Mkaa nao asili yake ni mti ulio hai, lakini mti unaokatwa asubuhi moja huchukua miaka mingi kukua, tena akipatikana wa kuupanda. Gesi ya mtungi imetoka chini ya ardhi ilikolala mamilioni ya miaka, kwa hiyo inaongeza angani kaboni ambayo haikuwamo. Simlaumu mwenye mtungi. Mkakati wa taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na kwa mama anayekohoa moshi kila jioni mtungi ni nafuu kubwa. Ila mwenye ng'ombe bandani ana njia fupi zaidi.

Mzunguko huo unakamilika gesi ikichomwa. Methani ikitoroka bila kuwaka, kilo moja inaipasha dunia joto karibu mara 28 ya kilo ya hewa ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Mimi nilikuwa nafungua koki jioni gesi ikijaa, nikiamini naupumzisha mtambo, mpaka fundi aliyekuja kukagua bomba akanikuta na kunieleza taratibu. Niliumia, maana nilikuwa nimefanya hivyo karibu mwaka mzima. Siku hizi gesi ikizidi nachemsha maharage ya kesho na maji ya kuoshea viwele. Ukiiacha tu, katika mitambo ya kuba inajisukuma na kutokea yenyewe upande wa tope, kwa hiyo usijenge mtambo mkubwa kuliko mapishi yako kwa kuwataka majirani waone. Kila mwezi paka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba. Povu likivimba, hapo panavuja. Usijaribu kwa kiberiti.

Tope linalotoka mtamboni ni mbolea, lisikae kwenye shimo mpaka likauke juani. Mama mkwe wangu, ambaye mwanzoni hakutaka hata kuligusa, sasa ndiye anayegawa zamu za ndoo: leo migomba ya mshare, kesho kahawa. Kwa miche michanga tunalichanganya na maji kwanza, ndoo kwa ndoo, na kumwagia mbali kidogo na shina.