Kwa mnaoanza kuandikia gemu za video za wachezaji wawili: punguzeni maneno

Nimetoka kusoma skripti ya kijana mmoja mwenye kipaji, na kichwa bado kinaniuma. Kurasa nne za mwanzo wahusika wawili wanagombana, wachezaji wameshika padi (vidhibiti vya kuchezea) na hawajaruhusiwa hata kuruka. Ukurasa wa tano mmoja anashika kamba mwenzake apande, gemu inaanza kunoga. Ukurasa wa sita ugomvi umerudi. Wadogo zangu, nawapenda, lakini kila anayeingia kazi hii anatumbukia shimo lilelile, na mimi nimechoka kuandika maoni yaleyale pembeni ya karatasi.

1. Hadithi ya kwanza ni ya waliokaa kwenye kochi.

Kabla hujaandika neno, hao wawili wana hadithi yao. Mmoja amemwachia mwenzake aanguke makusudi, mwenzake anatafuta nafasi ya kulipiza. Wewe umekuja na hadithi ya pili. Ikipingana na ile ya kwanza, itashindwa, na ikishindwa inaichafua gemu nzima.

Chukueni It Takes Two ya studio ya Hazelight, iliyoshinda tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards 2021. Kwa kugawa kazi, sijui nani anaifikia. Wahusika ni wawili, Cody na mkewe May: Cody anarusha misumari, May ananing'inia kwenye misumari ileile kwa nyundo. Ukishazoea, unanyang'anywa: sasa mmoja anamwaga utomvu unaolipuka, mwingine anauwasha kwa kiberiti. Baadaye mmoja anarudisha muda nyuma, mwingine anaacha nakala ya mwili wake. Kila sura ina zana zake, na hakuna zana inayofaa kitu bila mwenzio.

Halafu njooni kwenye hadithi. Mume na mke hao wanataka kuachana, wamegeuka wanasesere, na kitabu kinachoongea, Dk. Hakim, kinakatiza kila mara kuwahubiria washirikiane. Washirikiane! Wenye padi hawajafanya kingine tangu waketi. Kisha wanasesere wanaamua kwamba binti yao Rose akiwalilia tena watarudi kuwa watu, kwa hiyo wanakwenda kumwangamiza tembo wake wa kuchezea, Cutie. Tembo anaomba aachwe, na wachezaji ndio wanaotakiwa kumburuta kwa mikono yao. Rose analia, wao wanabaki wanasesere, tunahamia sura nyingine. Watu wanalaumu ukatili. Mimi nasema ukatili si tatizo. Tatizo ni kwamba ushirikiano uleule uliokuwa raha umetumika kwa jambo ambalo hakuna aliyeshika padi alilitaka, na baada yake hadithi haidai malipo yoyote ya maana.

Studio hiyohiyo ilitoa A Way Out mwaka 2018, ambayo mwishoni inawageuzia marafiki wawili bunduki mkononi, mmoja dhidi ya mwingine. (Kama hamjaimaliza hadi leo, lawama si zangu.) Kisa kile kina mapengo mengi tu, lakini mwisho ule unauma kihalali, kwa sababu gemu yote imekufundisha kumtegemea huyo unayeelekezewa mtutu.

2. Ulizeni mikono inafanya nini.

Hapa niwaambie langu. Tulikuwa na gemu ya ndugu wawili na taa moja. Dizaina wetu alikuwa ameifuma vizuri: mwenye taa haruki, asiye na taa anaruka lakini haoni. Basi mnarushiana taa kutwa, juu ya mashimo, kwa kuaminiana. Mimi nikaja na urithi wa baba, usaliti, na chuki ya miaka mingi. Kila taa iliporushwa, niliweka mstari wa kejeli.

Siku ya majaribio nilisimama nyuma ya wajaribu wawili. Wanacheka, wanahesabu pamoja kabla ya kurusha, na juu ya kicheko chao sauti zangu zinatukanana. Mmoja akauliza, "Hawa wanagombania nini tena?" Mwenzake akajibu, "Sijui, rusha taa."

Mtu mwenye akili angesikia. Mimi nikahitimisha kwamba hawajaelewa, nikaongeza maelezo. Nikaongeza msimulizi: bundi. Bundi mwenye busara, Mungu anisamehe, anayetua kila mlangoni kueleza kilichotokea na walivyojisikia. Mistari ikawa mirefu kuliko njia, kwa hiyo nikamwomba dizaina arefushe korido ili bundi amalize, na mwendo upunguzwe. Akafanya, kimyakimya. Kwenye korido zile wajaribu walikuwa wanaweka padi chini na kushika simu zao.

Kumbe dizaina alikuwa na lake. Duru iliyofuata alizima sauti zote bila kuniambia, akawaacha wacheze, kisha akawauliza hadithi inahusu nini. Wakasema inahusu mtu anayeogopa giza na ndugu yake anayemtangulia. Hakuna aliyeandika hilo popote. Walilitoa kwenye ile sheria tu, kwamba mwenye taa haruki. Na lilikuwa zuri kuliko langu. Nilinuna, nikamwita mwizi wa kazi za watu, kisha nikaketi kufuta. Bundi aliondoka wa kwanza. Urithi ukafuata. Korido hazikurudi zote kuwa fupi, muda ulikuwa umekwisha, na mpaka leo ukicheza utaona sehemu ndefu tupu zisizo na sababu. Sababu ni mimi.

3. Madogo madogo.

Sinema zote za katikati ya gemu zirukike, kwa idhini ya wote wawili. Maandishi ya mazungumzo chini ya skrini yawe makubwa. Msiweke habari muhimu katikati ya pambano na bosi, yule adui mkubwa. Gaweni mistari kwa usawa, maana anayecheza mhusika bubu anajua kwamba mnampenda mwenzake.

4. Someni waliosema kidogo.

Left 4 Dead ya 2008 imeandika nusu ya dunia yake ukutani, kwenye vyumba vya usalama, na mnasoma mkitaka. Journey ya 2012 inakukutanisha na mgeni usiyejua jina lake, na hamna lugha ila mlio mmoja. Lakini ninayowarudisha kwayo kila mara ni Portal 2 ya 2011, sehemu ya wawili. Roboti wawili mnaowaongoza hawasemi neno la maana. Anayesema ni GLaDOS, kompyuta inayowasimamia, anayemsifu mmoja na kumdharau mwingine. Ghafla anayechokozwa si roboti, ni wewe na uliyekaa naye: "Mbona kakupa wewe pointi?" Maneno machache, na yote yameshika uhusiano uliokuwapo tayari.

5. Jaribio linalofuata, zimeni sauti. Kisha waulizeni wachezaji kila mmoja peke yake, mwenzake akiwa nje, gemu inahusu nini. Andikeni majibu kama yalivyo. Skripti mtaileta kwangu baada ya hapo, na isizidi ukurasa mmoja.