Kutofautisha karabini na bunduki ndefu: kwa mnaoanza kazi ghalani

Vijana mnaoanza kupokea silaha za zamani kwenye ghala la makumbusho, kabla ya yote vuta bolti, yaani komeo linalofunga nyuma ya mtutu, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kisha ingiza kidole uhakikishe. Hata kama bunduki imeshikwa na kutu ya miaka sitini.

Wiki yangu ya pili kazini niliandika kwenye leja "Lee-Enfield No. 5", karabini ya Kiingereza, yaani bunduki fupi na nyepesi, kwa kuwa bunduki ilikuwa fupi na ina faneli ya kuficha mwako mdomoni. Mzee aliyekuwa akinifundisha akavua mbao ya mbele, akanionyesha shina la mtutu, ile sehemu nene karibu na chemba. Lilikuwa zima. Kumbe ni No. 4, bunduki ndefu, mtu kaikata kwa msumeno akaivisha faneli! No. 5 halisi ilipunguzwa uzito kiwandani, na pale kwenye shina, chini ya mbao, utakuta chuma kimechongwa vibonde. Mdanganyifu hahangaiki na mahali pasipoonekana.

Vipimo vyake vijue kwa kichwa. No. 4 ina urefu wa sentimita 113 hivi, mtutu sentimita 64, uzito kilo 4.1. No. 5 ni kama sentimita 100, mtutu 48, kilo 3.2. Risasi ni ileile ya .303, na hapo ndipo penye gharama. Mtutu mfupi hutoa moto mkubwa mdomoni, ndiyo maana ya ile faneli, na bunduki nyepesi humpiga mtu bega. Walibandika mpira kwenye kitako, lakini mpira wenyewe ni mwembamba kuliko kitako, na kwa umri hukauka kama kandambili iliyosahauliwa juani. Askari walilalamika pia kwamba leo umeirekebisha ikakaa kwenye shabaha, kesho inapiga pembeni.

Kadi nyingine za kumbukumbu huandikwa "ilitumiwa na Keya, Burma", yaani askari wa King's African Rifles (KAR) katika Vita vya Pili vya Dunia. Usiamini haraka. No. 5 ilianza kutengenezwa 1944 na kukoma 1947. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikikanyaga tope la bonde la Kabaw mwaka huohuo wa 1944, karabini hizi ndiyo kwanza zilikuwa zinatoka viwandani Uingereza. Kuziona kwa Keya, angalia zaidi Kenya ya miaka ya 1950, kwenye misitu ya Aberdare, ambako bunduki ndefu hunasa kila kijiti.

Za kisasa hazinipi shida sana: M16A2 ya Marekani, bunduki ndefu, ina mtutu wa milimita 508, na karabini yake M4 milimita 368, na risasi ya M4 hutoka kwa kasi ndogo zaidi.

Kupima mtutu, funga bolti, tumbukiza ufito wa mbao mdomoni hadi ugote, weka alama ya penseli, kisha uutoe upime. Faneli ipime peke yake, na uiandike kwenye mstari wake.