Qiskit ni bure, mashine si bure

Umeuliza: kama IBM imeachia bure Qiskit, programu yake ya kuandikia kazi za kompyuta za kwantamu (zinazokokotoa kwa kutumia tabia za chembe ndogo mno), hofu ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake, kubana ushindani kwenye kompyuta hizo inatoka wapi? Inatoka kwenye mashine yenyewe, si kwenye programu.

Qiskit ilitoka 2017 na iko chini ya Apache 2.0, leseni ya programu huria. Soma kifungu cha 3: waliochangia msimbo wanakuruhusu kutumia hataza zao zinazoguswa na mchango huo. Ila ukimburuza mtu mahakamani ukidai programu hiyo inavunja hataza yako, ruhusa zako zote za hataza kwenye programu hiyo zinakatika siku ileile unayofungua kesi. Mtego mzuri kweli, unawatuliza wapenda kesi.

Lakini leseni hiyo haigusi namna ya kutengeneza chipu, wala mitambo ya kuipoza hadi karibu na sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa. Huko ndiko ushindani ulipo. Hesabu tupu hazina shida: kanuni ya Shor ya 1994, njia ya kompyuta ya kwantamu kupata vigawo vya namba kubwa, kila mtu yuko huru kuitumia, na Marekani, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Alice ya 2014, wazo dhahania halipati hataza kwa sababu tu limepitishwa kwenye kompyuta.

Mimi hataza hainitishi sana. Inaisha miaka 20 tangu maombi yawasilishwe, na lazima ueleze uvumbuzi wako hadharani. Kinachonitisha ni siri ya biashara, yaani ujuzi ambao kampuni inauficha: haina ukomo, na mashine unayoikodi kwa intaneti huwezi kuifungua uone ndani.