Re: Ning'oe nepia yote nipande kaliandra? USIING'OE

Usiing'oe. Jembe lisimame hapo hapo mpaka umalize kusoma.

Umeandika kwamba uko Mbale, mashariki mwa Uganda, una ng'ombe wawili wa gredi bandani, na nusu ekari yako ya nepia, zile nyasi ndefu za malisho, imedumaa na kuwa njano. Muuza miche amekuambia kaliandra, mti wa majani ya malisho, ina protini kuliko chakula cha dukani, kwa hiyo ung'oe nepia yote, ujaze kaliandra, na kiangazi ng'ombe wale majani hayo pamoja na mabua ya mahindi na maganda ya matoke. Nimesoma mara mbili na jasho limenitoka, maana maneno ya huyo muuza miche nayajua moja baada ya jingine. Yalisemwa kwetu hapa Tororo, tena kwa tabasamu.

Huyo wa kwetu alikuja kwenye mkutano wa kikundi cha maziwa akiwa na karatasi yenye rangi. Karatasi ilisema kaliandra ina protini asilimia 20 hadi 25. Hilo ni kweli, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwa yale aliyoyameza. Hakutamka neno tanini, kitu kilichomo kwenye majani hayo kinachoifunga protini, hata mara moja. Hakusema kwamba mche ukishapandwa unasubiri miezi 9 hadi 12 kabla ya kuukata kwa mara ya kwanza, na kwamba muda wote huo ng'ombe hafungi mdomo. Alisema tu, "Hii ni pumba inayoota yenyewe, nyasi za nini tena?" Akahesabu hela zake, akapanda bodaboda, na simu yake haikupokelewa tena tangu msimu ule. Mtu anayekuuzia chakula cha mnyama bila kukuambia kinavyofanya kazi tumboni anacheza na riziki ya watoto wako. Sitamung'unya maneno hapo.

Nepia ikang'olewa, iliyougua na iliyo nzima. Mwaka ule nyasi tulinunua kwa mzigo, bei ya mwenye nazo. Baadaye kaliandra ikashika, ikapendeza, Januari kila kitu kimekauka yenyewe iko kijani, majirani wanakuja kuitazama. Ng'ombe akapewa kaliandra asubuhi, kaliandra jioni, na katikati mabua.

Mwanzoni alinusa akageuza kichwa. Njaa ilipomzidi akala. Ndipo maziwa yakaanza kushuka, yakafika nusu, yakapita nusu. Kinyesi kikawa kigumu na cheusi, ukikipasua unakuta vipande virefu vya bua ambavyo havijaguswa. Kucheua kukapungua, analala mchana mzima, taya limetulia. Na kilichotuchanganya zaidi ni hiki: ubavu wa kushoto umejaa kabisa, lakini mifupa ya nyonga inatokeza. Nani angesema ng'ombe mwenye tumbo lililojaa ana njaa? Tukasema minyoo, tukanunua dawa. Tukasema ndigana, akapigwa sindano. Joto la kupandwa halikurudi. Mwisho tukauza mtamba wake ili tununue nyasi za kumwokoa yeye. Mtamba mwenye mimba, ndugu yangu! Hiyo ndiyo bei halisi ya karatasi yenye rangi.

Aliyetufumbua macho ni daktari wa mifugo, mama mmoja mtaratibu ambaye hata sindano hakuitoa mkobani. Alishika kile kinyesi, akakisugua kwa vidole, akauliza: "Nyasi mbichi anakula kiasi gani?" Tukamwambia hali. Akasema, "Basi mmempa majani yeye, vijidudu vyake mmevinyima."

Elewa hapa, kwa sababu hapa ndipo mfuko wako ulipo. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuvunja nyuzinyuzi za mmea. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, kuvu na vijidudu wengine waliomo kwenye rumeni, lile tumbo kubwa la upande wa kushoto. Sisi watu wa mashariki tunajua mtungi wa malwa, pombe ya ulezi: hamira ikifa, ulezi utabaki ulezi hata ungojee wiki. Vijidudu hao wanahitaji naitrojeni, ambayo wanaipata kwenye protini, ili wazaliane. Lishe yote ikiwa na protini chini ya kama asilimia 7, wanapungua, nyuzinyuzi zinakaa tumboni bila kuvunjika, tumbo halipungui, na ng'ombe hana nafasi ya kula tena. Mabua ya mahindi yaliyokauka shambani yana protini asilimia 4 au 5 hivi, na yamejaa lignini, kitu kinachoshikamanisha ukuta wa mmea na ambacho vijidudu wa rumeni hawakiwezi.

Utasema, si ndiyo maana tunaongeza kaliandra, ijaze hiyo protini? Ndivyo tulivyodhani wote kikundini. Sasa sikia. Kaliandra ina tanini nyingi. Tanini inaikamata protini na kuifunga, kwa hiyo protini iliyoandikwa kwenye karatasi inapita mbele ya vijidudu bila wao kuipata. Ikiwa kidogo, ni faida: protini iliyofungwa inavuka rumeni, inafika tumbo la nne lenye asidi kali, sehemu yake inafunguka huko na ng'ombe anaitumia. Ikizidi, nyingi inatoka na kinyesi. Tena tanini haiishii kwenye protini ya majani. Inawashika na vijidudu wenyewe na vimeng'enya vyao, na kazi ya kuvunja nyuzinyuzi inalala. Kwa hiyo unampa mabua ambayo ni magumu tayari, halafu unawafunga mikono wale ambao wangeyavunja. Na wewe unataka kuongeza maganda ya matoke mabichi, ambayo protini yake ni ndogo na yana tanini pia! Ng'ombe hasomi karatasi ya protini, ndugu. Anasoma kilichofunguka tumboni.

Sheria yangu ni moja tu, na kwetu bandani imeandikwa kwa mkaa ukutani: NYASI KWANZA, MTI JUU YAKE, NA MTI USIPITE THELUTHI. Majani ya kaliandra yasizidi theluthi ya chakula cha siku, ukipima kwa ukavu, yaani bila kuhesabu maji yaliyomo. Theluthi mbili zinazobaki ziwe nyasi, na nyasi changa.

Ukifuata hivyo, kaliandra ni mti mzuri mno. Siuchukii, bado ninao. Kule Embu, Kenya, iliwahi kupimwa kwa wafugaji wadogo, ikaonekana kilo 3 za majani mabichi zinaweza kukaa mahali pa kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Kilo 6 kwa siku kwa ng'ombe mmoja zinahitaji miti kama 500 iliyokomaa. Miti hiyo inapandwa wapi? Kwenye mpaka wa shamba, kwenye makinga maji, kandokando ya njia. Haihitaji kula nafasi ya nyasi hata hatua moja. Mimi huwapa mbichi siku ile ile niliyokata, silazi majani mpaka kesho. Na ninaichanganya na majani ya viazi vitamu, ambayo ni laini na protini yake vijidudu wanaipata bila kupigana.

Sasa hiyo nepia. Kudumaa na njano inayokuja baada ya kukata, majani madogo membamba, machipukizi mafupi yaliyosongamana: huo ni ugonjwa wa kudumaa kwa nepia, unasababishwa na fitoplazma, kijidudu cha jamii ya bakteria kinachoishi ndani ya mmea. Umetusumbua sana mashariki, Tororo, Busia, huko kwenu. Dawa ya kunyunyizia hakuna. Unaenea kwa mdudu mdogo arukaye anayefyonza majani, na zaidi unaenea kwa mikono yetu, tukibeba vipandikizi kutoka kwa jirani. Lakini shina moja kuugua si shamba zima kufa. Ng'oa shina lililougua pamoja na mizizi, lichome au lizike, liache lililo zima liendelee kulisha. Kipandikizi usichukue kwenye shamba ambalo hujalitazama baada ya kukatwa, kwa sababu kabla ya kukatwa ugonjwa hujificha. Kuna aina zinazovumilia. Ulizia ofisi ya mifugo ya wilaya au NaLIRRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa mifugo.

Penye mapengo weka brakiaria. Nyasi hii asili yake ni Afrika, Brazil wakaichukua na malisho yao makubwa sana leo ni brakiaria, na sisi tunaitazama kama mgeni! Inavumilia kiangazi, majani ni mengi kuliko bua, na ukipanda kwa vipande vya shina lenye mizizi mvua ya Machi ikianza, ndani ya miezi 3 au 4 unakata. Linganisha na huo mwaka wa kusubiri kaliandra.

Na nepia nzima uliyo nayo ikate ikiwa kama mita 1. Naona watu wanaiacha ipite paa la banda wakifurahia wingi. Hapo lignini imeshapanda, protini imeshuka, umerudi kwenye mabua bila kujua. Nyasi changa ndizo zinazowalisha vijidudu, na vijidudu ndio wanaomlisha ng'ombe.

Kesho asubuhi zunguka shamba, funga kitambaa kwenye kila shina lililodumaa, uhesabu yamebaki mangapi mazima. Muuza miche mwambie unataka michache ya mpakani tu, na umuulize kuhusu tanini uone atajibu nini. Halafu rudi hapa na hesabu hiyo, na picha ya kinyesi cha ng'ombe wote wawili, kimepasuliwa.